Soma Kitambaa Kwanza: Mashine ya Mkono Mrefu Inapopoteza Kipimo cha Stichi

(Hotuba kwa mafundi wa kushona, Kisumu. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, ila nimeacha zile sehemu ambazo mvua juu ya mabati ilitunyamazisha sote.)

Mama zangu, wazee wangu, mafundi wenzangu, hamjambo? Oyawore uru. Na nyinyi mliotoka Kakamega na Mumias, mulembe. Nashukuru mmefunga vibanda Jumamosi asubuhi, siku ambayo mteja wa sare na mteja wa harusi huja pamoja, na kila mmoja anataka nguo yake leo leo. Sitawachelewesha.

Nimeombwa nizungumzie mashine ya mkono mrefu, hii ya kushonea mifarishi, yale mablanketi ya matabaka yaliyoshonwa pamoja, na hasa ugonjwa wake mmoja unaowasumbua wengi: stichi kukosa kipimo. Unashona vizuri, ua linajikunja linavyotakiwa, mara stichi zinakuwa ndefu kama za kupiga bandi. Kisha zinarudi fupi. Kisha mashine inasimama mahali pamoja inatoboa tundu lilelile hadi uzi unakatika. Mwenye mashine anasema, "Kidhibiti kimekufa," yaani kile kifaa cha kusawazisha urefu wa stichi, na anaanza kutafuta pesa za bodi mpya, ile sakiti inayohesabu na kuiamuru mota.

Ninalotaka mwondoke nalo hapa ni hili: kabla hujafungua hata skrubu moja, soma kitambaa. Kitambaa kilichoharibika kina ushahidi wote. Kinakuambia kama tatizo liko kwenye sindano, kwenye mkono wako, kwenye kigurudumu, kwenye waya, au kweli liko kwenye bodi. Nimeshuhudia kikundi cha akina mama kikichanga pesa, kikaagiza bodi kutoka ng'ambo, kikalipa nauli na ushuru, kikasubiri wiki baada ya wiki. Bodi ikafika, ikafungwa, na mashine ikaendelea na tabia yake ileile. Kilichokuwa kinaiua ni uzi mweupe uliojiviringisha kwenye ekseli ya kigurudumu kidogo chini ya toroli. Uzi ambao mtu angeutoa kwa pini.

Nianze na jinsi inavyofanya kazi, maana usipoelewa hili, mengine yote yatakuwa kubahatisha.

Cherehani ya kawaida, iwe ya mguu au ya umeme, ina meno chini ya kitambaa. Meno ndiyo yanayovuta. Sindano ikipiga mara moja, meno yanasukuma mara moja, kwa hiyo ukikanyaga kwa nguvu au taratibu, urefu wa stichi haubadiliki. Kwenye mashine ya mkono mrefu mambo yamegeuka. Kitambaa kimetulia, kimefungwa kwenye mabomba marefu ya fremu, kikiwa na matabaka matatu: uso, ujazo wa katikati na kitambaa cha chini. Kinachotembea ni mashine. Imekaa juu ya toroli. Toroli linakwenda kushoto na kulia juu ya reli za meza, na kichwa cha mashine kinakwenda mbele na nyuma juu ya reli za toroli. Meno hakuna. Urefu wa stichi unaamuliwa na vitu viwili, kasi ya mkono wako na kasi ya mota, na hivyo viwili visipopatana umeharibu mali ya mtu.

Kazi ya kidhibiti ni kuvipatanisha. Kina enkoda mbili. Moja inapima mwendo wa kushoto na kulia, nyingine inapima wa mbele na nyuma. Kila enkoda ina kigurudumu kidogo kinachogusa reli. Toroli likitembea, kigurudumu kinazunguka, na ndani yake kuna kisahani chenye mistari myembamba sana kinachokatiza mwanga wa taa ndogo. Kila mwanga unapokatika, bodi inahesabu. Kwa hesabu hiyo inajua umetembea umbali gani, nayo inaiambia mota ipige sindano.

Wenye bodaboda mnaujua ule waya unaotoka gurudumu la mbele kwenda kwenye mita ya spidi. Ukikatika, pikipiki inakwenda vilevile lakini mshale umelala kwenye sifuri. Enkoda nayo ikikwama, mkono wako unatembea huku bodi inaambiwa umesimama.

Sasa hesabu kidogo, msiogope. Tuseme umeweka stichi 10 kwa inchi. Kila stichi ni kama milimita 2.5. Mkono ukienda inchi 2 kwa sekunde, sindano lazima ipige mara 20 kwa sekunde, yaani mara 1,200 kwa dakika. Ukienda inchi 3 kwa sekunde, ni mapigo 1,800. Kila mashine ina kikomo chake. Ziko zinazoishia karibu 1,500, na ziko zinazopita 3,000. Kama yako kikomo chake ni 1,800 nawe umechangamka, unakwenda inchi 4 kwa sekunde, mota inapiga mara 30 tu kwa sekunde hiyo. Gawa 30 kwa 4: stichi 7 na nusu kwa inchi. Mashine haijaharibika. Umeikimbia.

Naona mtu pale nyuma anacheka na kumgusa jirani yake. Haya, mnajuana.

Na ukiongeza stichi hadi 12 kwa inchi ili kazi ionekane nadhifu zaidi, kikomo kinakuja mapema: mashine ya mapigo 1,800 itaanza kukushindwa ukivuka inchi 2 na nusu kwa sekunde. Kuna mafundi wanaoongeza idadi ya stichi ili kuponya stichi ndefu. Wanazidi kulilea tatizo. Mashine nyingine hupiga kengele ukizidi mwendo, nyingine hukaa kimya tu zikaendelea kunyoosha stichi, kwa hiyo usingoje kengele.

Twende kwenye kitambaa.

Chukua pale palipoharibika, inua kuelekea dirishani, kisha uache kutazama uzi. Tazama matundu ya sindano. Umbali kati ya tundu na tundu ndio mwendo halisi wa mashine. Uzi unaweza kukudanganya, lakini tundu limeshatobolewa na halina la kuficha.

Ukikuta matundu yamepangana sawasawa, tundu, tundu, tundu, ila uzi umeruka moja au mawili bila kushika, basi kidhibiti hakina kosa. Sindano ilipiga kwa wakati wake. Kilichoshindikana ni ule uzi wa juu kufungana na uzi wa bobini. Hiyo ni kesi ya sindano na shato, ile ndoano inayozunguka bobini huko chini, na ndiyo kesi inayosingiziwa bodi kuliko zote.

Nikae hapo kidogo. Sindano inaposhuka hadi chini na kuanza kupanda, uzi unaachia kitanzi kidogo nyuma yake. Ncha ya shato inapita karibu kabisa na sindano, inachukua kitanzi, inakizungusha kwenye bobini, na stichi imefungwa. Nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu la uzi, kuna kishimo kilichochongwa makusudi ili ncha ipite karibu bila kugonga. Sindano ikiwekwa imepinda nyuzi chache za pembe, kile kishimo hakielekei kwenye shato, na kitanzi kinakoswa. Ikiwa butu, inasukuma kitambaa badala ya kukitoboa. Ikiwa nyembamba kwa kazi nzito, inapinda. Na hapa mashine ya mkono mrefu ina hatari ambayo cherehani ya mezani haina: mashine inatembea wakati sindano iko ndani ya kitambaa. Ukivuta haraka, sindano inajikunja kuelekea ulikotoka, na shato linapita hewani. Ndiyo maana sindano za mashine hizi huwa nene, namba 16 au 18, ile 18 ndiyo iliyoandikwa 110 kwenye pakiti. Usiniletee namba 11 ya kushonea blauzi.

Kwa hiyo matundu yakiwa sawa na uzi umeruka: badilisha sindano, iingize hadi juu kabisa, elekeza kishimo kwenye shato, kaza. Kisha legeza kitambaa. Wengi wenu mnakivuta kwenye fremu hadi kinalia ukikigonga. Kiwe na ulegevu wa kutosha: sukuma kidole kutoka chini, uweze kukishika kwa juu kupitia matabaka yote matatu. Ukishindwa kukishika, umekaza mno. Angalia pia mguu wa mashine usiwe juu sana, maana kitambaa kitakuwa kinapanda na sindano na kitanzi hakitaumbika. Shato kupoteza wakati wake kupo, lakini hilo lifikirie baada ya sindano mpya, si kabla.

Ukikuta matundu yenyewe ndiyo yameachana, hapo sasa tunazungumza habari ya kidhibiti. Bado lakini hatufungui kitu.

Tengeneza kipande cha majaribio cha matabaka matatu, tumia uzi wa rangi inayoonekana. Kwa chaki ya fundi chora mistari mitatu ya inchi 10: mmoja wa kushoto kwenda kulia, mmoja wa mbele kwenda nyuma, na mmoja wa mshazari uliokata katikati kabisa ya hiyo miwili. Shona kila mstari taratibu, kwa mwendo wa kawaida. Kisha weka tepu na uhesabu stichi ndani ya inchi moja, ukianzia katikati ya mstari, mbali na pale ulipoanzia. Andika majibu kwa kalamu papo hapo juu ya kitambaa. Usitegemee kichwa, ukifika mstari wa tatu simu italia na utasahau.

Mstari wa kushoto kwenda kulia ukiwa na 10, na wa mbele kwenda nyuma ukiwa na 3, au mashine imegoma kupiga kabisa, umeshajua ni enkoda ipi. Ile ya toroli haina neno. Ya kichwa ndiyo mgonjwa. Ukiona kinyume, jibu nalo ni kinyume. Hujafungua skrubu na tayari nusu ya mashine umeiondolea lawama.

Mshazari una siri yake, na huu ndio mstari ninaoupenda. Bodi inachukua mwendo wa enkoda mbili na kuutafutia umbali wa kweli kwa kanuni ya Pythagoras, mliosoma hesabu mnaikumbuka. Enkoda moja ikifa, bodi inaona upande mmoja tu wa pembetatu. Kwenye mshazari wa nyuzi 45, inaona kama asilimia 70 ya safari yako. Kwa hiyo mahali pa stichi 10 utahesabu 7. Nyingi za kazi zetu ni maua na mizunguko, mkono hauendi mstari mnyoofu, na ndiyo maana fundi anakuja akilalamika, "Inakubali, inakataa, inakubali." Kumbe ua likielekea upande wenye enkoda nzima, stichi ni nzuri, likigeuka, zinarefuka, likigeuka tena, zinarudi. Mzunguko mmoja wa sahani ukiusoma vizuri utaona stichi zimebanana pande mbili zinazotazamana na zimetawanyika pande mbili nyingine. Hilo si la kubahatisha. Ni enkoda moja.

Rudia mistari ile kwa kasi. Kama taratibu zote ni 10 na kwa kasi zote zinashuka pamoja, rudi kwenye hesabu ya mwanzo: umefika kikomo. Kama taratibu ni 10 na kwa kasi ni upande mmoja tu unaoshuka, kigurudumu cha upande huo kinateleza kwenye reli.

Halafu kuna kasoro zinazojirudia. Wamo humu wazee waliofanya kazi KICOMI, kile kiwanda cha vitambaa cha Kisumu Cotton Mills, enzi mji huu unafuma vitambaa vyake. Mzee, nisaidie: mkiona doa kwenye kitambaa, mkapima, mkaliona tena kwa umbali uleule, mlikuwa mnatafuta nini? (Mzee akajibu, "Roli.") Roli! Asante. Kitu cha duara kikiwa na kovu, kinaliacha kovu lile kila kinapomaliza mzunguko. Nasi tufanye hivyo. Stichi moja ndefu, kisha nzuri, kisha ndefu tena: pima kutoka ndefu hadi ndefu. Kigurudumu cha enkoda chenye kipenyo cha milimita 25 kina mzingo wa karibu milimita 78. Ukipata 78, 78, 78, kuna kitu kimebandika kwenye kigurudumu hicho, au mpira wake umekatika mahali pamoja. Ukipata umbali mkubwa zaidi, pima mzingo wa magurudumu yanayobeba toroli. Huenda mojawapo limebonyea na linainua toroli kidogo kila linapopita. Lakini kasoro ikitokea mahali palepale mezani, tuseme kila ukifika usawa wa mguu wa tatu wa fremu, usihangaike na kigurudumu. Ni reli. Ina uchafu, ina kutu, au fremu imelala pale.

Hapa Kisumu reli zina adui ambaye vitabu vya mashine havimtaji. Sami, wale wadudu wa ziwani. Ukishona usiku na dirisha wazi, taa imewaka, asubuhi utawakuta wamelala kwenye reli kama vumbi, toroli likipita linawaponda, na ule ute unakauka. Nakuru wana vumbi, sisi tuna sami. Funga dirisha, au funika reli kwa leso ukimaliza kazi.

Sasa tuchuchumae chini ya toroli tukakione kigurudumu chenyewe. Zima mashine, chomoa waya ukutani. Tia nukta ya kalamu kwenye ukingo wa kigurudumu na nukta nyingine kwenye reli hapo kinapogusa. Sukuma toroli taratibu karibu mita moja, jicho likiwa kwenye nukta. Kigurudumu kizunguke bila kusita hata mara moja. Kisha rudisha toroli hadi kigurudumu kifike tena kwenye nukta ya reli. Nukta ya kigurudumu ikirudi chini kabisa, pale ilipoanza, kinashika. Ikirudi ikiwa pembeni, kimeteleza njiani. Fanya tena kwa kasi. Jaribio hili halihitaji umeme wala kifaa chochote, na sijaona enkoda inayoteleza ikilipita salama kwenda na kurudi mara kadhaa.

Kikiteleza, sababu ni chache. Nyuzi na manyoya ya pamba kwenye ekseli: tumia sindano kuukuu na koleo ndogo, utoe hadi chuma kionekane, maana tabaka la ndani limekazana na linafanana na rangi ya ekseli. Mafuta kwenye reli: futa kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo. Reli hazipakwi mafuta kamwe; mafuta ni ya shato, tone moja. Springi iliyolegea: ndiyo inayokikandamiza kigurudumu kwenye reli, na ikichoka, kigurudumu kinaruka juu ya kila kidoa. Na skrubu ndogo sana inayokishika kigurudumu kwenye ekseli, ya kufungulia kwa kifunguo cha pembe sita. Hiyo ikilegea utaona jambo la ajabu: kigurudumu kinazunguka vizuri, nukta inarudi mahali pake, lakini ekseli ya enkoda imesimama. Kwa hiyo tia nukta na kwenye ekseli pia.

Baki nami kwenye mpira. Vigurudumu vingi vina pete ya mpira ya kushikia reli. Ikikatika, fundi wetu wa Kondele hashindwi. Anakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, anauvisha, kazi inaendelea. Naheshimu ubunifu huo, lakini hesabu inaukataa. Tyubu ikiongeza unene wa milimita 1 tu pande zote, kigurudumu cha milimita 25 kinakuwa 27. Kimekuwa kikubwa kwa asilimia 8, kwa hiyo kinazunguka mara chache kwa umbali uleule, bodi inadhani umetembea kidogo, na stichi zinarefuka: 10 inakuwa kama 9 na robo. Na kwa kuwa kile cha upande wa pili bado ni 25, maua yako yatakuwa na stichi ndefu upande mmoja. Mteja hatajua kwa nini, ila ataona kuna kitu. Tafuta pete ya mpira ya unene uleule. Maduka ya vifaa vya mabomba na ya sili za injini yanazo za kila kipimo. Nenda na ile iliyokatika mkononi.

Kigurudumu kikiwa kizima na upande bado haupimi, ndipo tunakwenda kwenye waya. Waya wa enkoda hutembea na mashine kutwa nzima, na huchoka pale unapoingia kwenye plagi. Nje unaonekana mzima, ndani umekatika. Shona mstari huku mwenzako akiugusagusa karibu na plagi. Stichi zikibadilika, umempata. Tazama pia meno ya panya. Kama plagi za enkoda mbili zinafanana na zinaingiliana, na kitabu cha mashine hakikatazi, zima mashine, zibadilishane mahali, uwashe, ushone tena mistari miwili. Ugonjwa ukibaki kwenye mstari uleule, mgonjwa ni enkoda au waya wake. Ukihamia mstari wa pili, yaani umebaki kwenye tundu lilelile la bodi, basi haya, leo bodi ina kosa, na sasa unaweza kuagiza kwa moyo mweupe.

Umeme nitaupitia haraka. Mashine nyingi za mitumba zimetoka Marekani, na huko umeme ni volti 120, sisi ni 240. Soma kibati cha nyuma. Kikisema 100 hadi 240, chomeka. Kikisema 120 pekee, bila transfoma ya kushusha unachoma mota na bodi siku ya kwanza. Usichangie soketi moja na pasi: pasi ikianza kuvuta, umeme unashuka, mota inakosa nguvu za kufika kasi iliyoagizwa, na stichi zinarefuka pande zote kwa muda mfupi. Ukiona hivyo saa za jioni peke yake, tafuta stabilaiza kabla ya kutafuta fundi. Na soketi iwe na waya wa ardhini unaofanya kazi kweli.

Maswali yaliyoletwa.

Mama wa Ahero anauliza mbona stichi ya kwanza kila mara ni ndefu, hizi nyingine ni sawa. Mama, unaanza kwa kishindo. Mota inahitaji kitambo kidogo kuamka, na mkono wako umeshafika mbali. Vuta uzi wa bobini juu, piga stichi mbili tatu papo hapo, kisha ondoka taratibu. Pembeni pa maua yenye ncha ni hivyo hivyo: fika, tulia, geuka, ondoka. Na kama yako inapigapiga ukisimama, kuna mpangilio kwenye skrini unaoilazimisha isilale, ubadilishe.

Kijana anauliza kama anaweza kuendelea kushona huku anangojea enkoda ifike. Anaweza. Zima kidhibiti, chagua kasi moja ya mota. Weka mapigo 900 kwa dakika, ni 15 kwa sekunde, kwa hiyo ili upate 10 kwa inchi mkono wako uende inchi moja na nusu kwa sekunde. Chora alama za inchi tatu tatu kwenye kipande cha majaribio, kila nafasi uimalize kwa sekunde mbili, ukihesabu kwa sauti hadi mkono uzoee. Kabla ya vidhibiti kuenea watu walishona hivyo, na mifarishi yao ipo hadi leo. Usichukue tu kazi ya harusi wiki ya kwanza.

Na yule anayetaka kununua mashine iliyotumika: usikubali kuonyeshwa mashine ikishona nyota ambayo muuzaji ameizoea. Nenda na kipande chako cha matabaka matatu, chaki na tepu. Mistari mitatu, taratibu na kwa kasi. Kisha omba izimwe, uchuchumae na kalamu yako ufanye jaribio la nukta pande zote mbili. Soma kibati. Uliza kama enkoda za modeli hiyo bado zinatengenezwa, na uliza kabla ya kutaja bei. Muuzaji akikosa subira kwa hayo, chai ya soko la Jubilee bado ni moto, nenda kanywe.

Mashine ile pale mbele nimeiharibu mwenyewe leo asubuhi kabla hamjaingia. Kasoro ni mbili: moja iko kwenye kidhibiti, nyingine haihusiani nacho kabisa. Vipande vya majaribio viko juu ya meza, chaki ziko kwenye kikombe, bisibisi nimezifungia garini. Mje watano watano, wenye miwani mje nayo, na mtu asitamke jibu kabla hajanionyesha kwenye kitambaa.